Mamba Ziwani: Mwongozo kwa Mzazi wa Wiki ya Kwanza

Karibu Kisumu, mji wa ziwa. Kiswahili nacho kina ujanja wake: neno lile lile linalotaja maji yanayoonekana kutoka Dunga ndilo linalotaja ulichobeba kifuani. Ukija kwenye ziwa la kwanza, wenyeji watakuonya. Usikaribie viboko, usipande mtumbwi upepo ukishaanza. Kuhusu ziwa la pili hakuna atakayekuonya. Utaambiwa kunyonyesha ni maumbile, bibi zetu walinyonyesha bila kufundishwa, mtoto mwenyewe anajua njia. Halafu siku ya tatu unamweka mtoto titini na kugundua kwamba kumbe humu namo mna mamba, na amezaliwa bila meno.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeyaamini hayo. Mimi pia niliyaamini, na ndiyo maana ninayo sifa ya kuuandika.

Tuanze na maandalizi. Ukiwa na mimba, nunua kila kitu isipokuwa maarifa. Nunua beseni, nunua shali tatu na kofia ya sufu, katika mji ambao jua lake hukausha omena kabla ya jioni. Kliniki wakianza somo la kunyonyesha pale kwenye benchi, toka nje upokee simu. Kisha msikilize shangazi, ambaye atakunong'oneza siri ya kale: kila ukioga, sugua chuchu kwa taulo gumu na sabuni ili zikomae, kama viganja vya wavuvi vilivyokomazwa na kamba. Sugua kwa bidii. Hatakwambia kwamba vile vipele vidogo vinavyoizunguka chuchu ni tezi zinazotoa mafuta ya kuilinda, na kwamba taulo lako linayafuta mafuta hayo hayo. Ukifuata ushauri huu vizuri utafika leba ukiwa na michubuko tayari, bila kumsumbua mtoto akuchubue.

Mtoto akishazaliwa, mkao ni muhimu. Kaa ukingoni mwa kitanda pasipo kitu cha kuegemea, umfuate mtoto kwa kuinama mpaka shingo ilie. Shika titi kwa vidole viwili kama mvutaji anavyoshika sigara. Mtoto akifungua mdomo kidogo tu, kama anayetaka kupiga mluzi, usingoje zaidi, tumbukiza ncha ya chuchu humo. Vidole vya miguu vitajikunja ndani ya ndala vyenyewe. Uma leso. Ukishindwa kabisa kuvumilia, mnyofoe mtoto ghafla kama unayeng'oa ruba. Kuna njia nyingine, ya kupenyeza kidole kidogo kilichooshwa pembeni mwa mdomo wake ili hewa iingie na aachie polepole, lakini hiyo ni ya waliohudhuria somo.

Sasa iangalie chuchu inapotoka. Ikiwa imebanwa upande, imechongoka kama lipstiki mpya, na ina mstari mweupe nchani, weka kumbukumbu hiyo. Tutairudia.

Kufikia hapo wageni wameshafika, na kila mmoja amebeba omena, sabuni ya kufulia na ushauri. Nawapenda sana wageni wa mtaa wa Manyatta. Supu yao ya kichwa cha mbuta ndiyo iliyonirudisha duniani. Lakini kwa siku nane chumba changu kiligeuka duka la dawa. Mmoja alileta samli ya nyumbani kwao Seme. Mwingine aliapa kwa dawa ya meno, nami hadi leo sijui kama alikuwa amewahi kujipaka yeye mwenyewe au alikuwa anatafuta wa kumjaribia. Mke wa shemeji alikuja na maji ya chumvi, yaliyofanya kazi yake ya siku zote juu ya kidonda. Jirani alifunga mlango kwanza, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyekuwapo siku ile niliponyonyesha pale uani, maana macho ya watu yanajulikana. Mama mkwe hakuwa na dawa yoyote. Alinitazama nikiuma leso, akaniita binti wa kwetu Yimbo: "Nyar Yimbo, sisi hatukulia." Baadaye sana, tukiwa wawili jikoni tukichambua mboga ya osuga, aliniambia kwamba mtoto wake wa kwanza alimnyonyesha titi moja tu, kwa sababu la pili lilipasuka likaachwa. Huyo mtoto wa kwanza ndiye mume wangu.

Kuhusu mume: sheria ya ajira ya mwaka 2007 inampa likizo ya wiki mbili yenye malipo kamili. Wangu alizitumia kuwasindikiza wageni hadi stejini.

Yupo pia mgeni anayesema mtoto ana kiu. Joto lote hili, maskini, mpe kijiko cha maji, au uji mwepesi ili wewe upumzike kidogo. Ndiye mgeni wa hatari kuliko wote, kwa sababu ana huruma na wewe umechoka. Maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji, zaidi ya asilimia 80, na mtoto anayenyonya vizuri hahitaji tone jingine kwa miezi sita, hata Kisumu, hata Januari. Maziwa ya kopo nayo, tangu sheria ya mwaka 2012, hayaruhusiwi kutangazwa wala kugawiwa mama kama sampuli ya bure, kwa hiyo kazi ya kuyatangaza imebaki kwa majirani. Takwimu zinatusifu: utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta watoto 61 kati ya 100 walio chini ya miezi sita wananyonya maziwa ya mama pekee, kutoka 32 katika ule wa 2008 na 2009. Hazisemi ni mama wangapi waliokuwa wameuma leso.

Nikihesabu leo naona kwamba watu wote wale, kuanzia mwenye samli hadi mwenye kufunga mlango, walitazama chuchu. Hakuna hata mmoja aliyetazama mdomo wa mtoto.

Siku ya tisa nilipanda tuktuk kwenda kliniki, nikilizuia titi kwa mkono kila tulipopita kwenye shimo. Sista aliyekuwa zamu alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwa uzi. Nilianza kufungua nguo nimwonyeshe kidonda. Akanizuia. Akanawa mikono taratibu, akavuta kiti, akasema, "Hicho nitakiona baadaye. Mnyonyeshe nikuone."

Nikanyonyesha kama nilivyozoea. Hakungoja hata dakika.

"Huyo anadonoa. Kwenu wapi, mama?"

"Usenge, Yimbo."

"Basi mbuta unamjua. Mbuta akila, anadonoa?"

"Hapana, sista. Anafungua mdomo wote, anameza."

"Na wewe umemfundisha mtoto kula kama omena."

Akanisukuma niegemee ukuta, akaweka leso iliyokunjwa chini ya kiwiko changu. Akamgeuza mtoto tumbo lake liguse tumbo langu, sikio, bega na nyonga vikawa mstari mmoja, pua yake ikaelekea chuchu. Akaniambia nimguse kwa chuchu mdomo wa juu, kisha nisifanye kitu. Mtoto alitafuta, akanung'unika, akafungua mdomo kidogo. Nikataka kutumbukiza. "Bado," akasema sista, mkono wake juu ya wangu. Akafungua zaidi. "Bado." Halafu akafungua kweli, kama anayepiga miayo, ulimi chini, na kabla sijafikiri sista alikuwa ameshamsogeza mtoto kwenye titi, kidevu kikitangulia. Titi halikwenda popote. Mdomo wa chini ulipinduka nje, mashavu yalijaa, na weusi wa titi ulionekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Maumivu yalikuja, nikahesabu, na nilipofika ishirini yakaondoka. Nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa siku nane: kumeza.

Ndipo akanieleza ile lipstiki. Mtoto akishika ncha tu, chuchu inabanwa kati ya ulimi na sehemu ngumu ya kaakaa, mara kumi au kumi na mbili kwa siku, usiku ukiwemo. Akishika titi na weusi wake mdomo ukajaa, chuchu inafika nyuma kaakaa linapokuwa laini, na huko hakuna kinachoibana. Samli ingeweza kukaa pale mwaka mzima na isibadilishe hilo.

Dawa aliyonipa ilikuwa ya bure, na wewe unayo. Baada ya kunyonyesha, kamua matone machache, pakaa kwenye chuchu, acha ikauke kwa hewa. Anza na upande usiouma sana, kwa kuwa mtoto mwenye njaa huvuta kwa nguvu zaidi mwanzoni. Sabuni iache kwa ajili ya nepi. Kitambaa kikilowa maziwa ndani ya sidiria, kibadilishe. Chuchu zangu zilifunga ndani ya wiki moja hivi.

Si kila mamba huondoka kwa kubadili mkao. Kama maumivu yanachoma hata baada ya mtoto kuachia, na mdomoni mwake kuna utando mweupe usiofutika, huenda ni kuvu, na hapo mnatibiwa wote wawili. Kama ulimi wake umefungwa kwa chini na hauwezi kutoka nje ya ufizi, mwambie sista auangalie. Titi likiwa gumu, lina moto na unatetemeka kwa homa, usiache kulinyonyesha, na usilale nalo. Vitabu husema litakuwa jekundu. Kwa ngozi zetu wekundu huchelewa kuonekana, kwa hiyo amini kiganja chako. Ikiwa ni usiku, mwambie dereva wa tuktuk "Russia". Hatakuuliza pasipoti, atakupeleka Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa na Wasovieti na ambayo jina hilo limeing'ang'ania.

Na kuna mama ambaye mwongozo huu haumtanii hata kidogo. Kando ya ziwa letu maambukizi ya virusi vya UKIMWI yako juu kuliko wastani wa nchi, na chuchu inayotoka damu kwa mama huyo ni hatari kwa mtoto. Ni hapa hapa Kisumu, kuanzia mwaka 2003, mama zaidi ya 500 wenye virusi walipomeza dawa za kuzuia virusi, ARV, tangu mwisho wa mimba hadi mtoto afikishe miezi sita, huku wakinyonyesha, na katika umri huo watoto walioambukizwa walikuwa kama 5 kwa kila 100. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri mama wanyonyeshe wakilindwa na dawa hizo. Dada, ukiwa miongoni mwao na chuchu ikapasuka, nyonyesha upande mzima, kamua ule wenye kidonda na usimpe mtoto maziwa yake, usiruke dozi, na usichanganye na uji. Nenda kliniki siku hiyo hiyo. Usingoje tarehe iliyoandikwa.

Wengine pia msingoje. Miadi ya wiki ya sita ni mbali mno kwa kidonda cha siku ya nne. Ingia, sema "naomba unitazame nikinyonyesha," na akikuandikia dawa ya kupaka kabla ya kuuona mdomo wa mtoto, rudia ombi lako kwa heshima. Beba kijitabu cha Mama na Mtoto, leso mbili na chupa ya maji. Foleni ni ndefu, na kunyonyesha kunaleta kiu.