Chenji Kaa Nayo, Mzee

Juzi jioni pale Ouakam, Dakar, mbele ya muuza karanga, fundi pikipiki na watoto watatu wa chuoni waliobeba mbao zao za Kurani, nilimkabidhi dereva wa teksi sarafu ya faranga 500 kwa safari ya faranga 2,000. Nikampigapiga begani. Nikamwambia, "Chenji kaa nayo, mzee."

Nilisema kwa Kiwolof, na hapo ndipo panapouma. Mgeni asiyejua lugha husamehewa: anaonyeshwa vidole, anaandikiwa hesabu kwenye simu, yanaisha. Mimi nilikuwa nimejinadi kwamba najua.

Teksi za Dakar ni njano na nyeusi, nyingine zimening'iniza singa za mkia nyuma, na bei yake hupatanwa dirishani mlango ukiwa bado umefungwa. Kupatana huko huitwa waxaale, neno lililozaliwa na wax, yaani kusema. Ile x isomwe kama kh ya wasoma Kurani. Nilikuwa Sandaga, soko la katikati ya mji. Nikainama dirishani, nikamsalimu mzee salamu kamili: amani, nyumbani, kazi, na amani tena. Salamu ndefu haimtishi mtu wa pwani. Ndipo nikauliza, "Ñaata?" Bei gani?

"Juróomi téeméer," akajibu.

Juróom ni tano, téeméer ni mia. Namba hizo nilizikariri wiki tatu nikioga, nikipiga pasi, nikisubiri usingizi. Mia tano, kutoka Sandaga mpaka Ouakam! Mwenye haya angepanda akanyamaza. Lakini aliyezoea soko la Kariakoo, Dar es Salaam, hakubali bei ya kwanza hata kama kitu kinagawiwa bure.

"Dafa seer," nikasema kwa uso wa msibani. Ni ghali. "Ñeenti téeméer." Mia nne.

Mzee alitazama mbele, akashusha pumzi, akanieleza jambo refu ambalo ndani yake nilitambua neno la mafuta tu. Kisha akasema, "Kaay." Njoo.

Niliketi nyuma nikiwa mshindi, na baada ya dakika tano huruma ikaniingia. Gari lenyewe lilikuwa na mpini mmoja wa kushushia vioo, anaoutunza dereva na kuutoa kwa maombi maalumu, kama ufunguo wa choo cha baa. Kila tuliposimama kwenye foleni injini ilikohoa kama mtu anayetaka kuaga dunia. Na mwenye gari hili amekubali mia nne! Wanalisha nini watoto, hawa watu? Kabla hatujafika Mermoz nilikuwa nimeshakata shauri kwamba nitampa mia tano kamili, alizozitaja mwenyewe, na nitajifanya hiyo mia moja ya ziada si kitu kwangu. Njia iliyobaki nilijiona mtu mwema sana.

Mzee aliipokea ile sarafu, akaitazama. Akaigeuza upande wa pili, labda 1,500 zilizobaki zimeandikwa huko. Akanitazama mimi. Kisha akafungua mlango akateremka, na Dakar ni kama Tandika kwetu Dar: dereva wa teksi akiteremka, watazamaji wanajaa.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alimgeukia mama wa karanga akamsimulia kisa chote tangu Sandaga, akiniiga lafudhi, akiniiga uso wa msibani, na alipofika kwenye kupigwapigwa begani alimwita fundi pikipiki aje awe bega. Mama alicheka mpaka akalishika sinia lake kwa mikono miwili. Wale watoto waliondoka wakiimba "ñeenti téeméer, ñeenti téeméer" kwa lafudhi yangu, na nina wasiwasi kwamba mtaa ule wimbo huo utaishi kuliko mimi.

Aliyeniokoa ni yule mama. Alisogeza karanga pembeni, zile za kukaangwa kwa mchanga wanazoziita gerte caaf, akazitandaza sarafu zake kwenye nafasi tupu ya sinia, moja moja, zile zenye picha ya samaki wa mdomo wa msumeno. Akagusa ya faranga 5: "Dërëm." Akagusa ya 25: "Juróom." Tano. Akagusa ya 50: "Fukk." Kumi. Ya 100: "Ñaar-fukk." Ishirini. Kisha akaichukua ile yangu ya 500 kutoka kiganjani mwa mzee, akailaza mwisho wa mstari kama mtu anayefunga hoja mahakamani: "Téeméer."

Mia. Sarafu ya mia tano inaitwa mia.

Sikiliza vizuri, maana usiku ule sikulala kwa kuliwaza jambo hili, na si kwa aibu peke yake. Kiwolof hakihesabu faranga. Kinahesabu dërëm, na dërëm moja ni faranga 5. Ukiambiwa mbuzi téeméer ni mbuzi 100, watu téeméer ni watu 100, kilomita hivyo hivyo, hakuna hila. Lakini likija suala la fedha, namba yote unaizidisha kwa 5. Junni ni elfu, ila noti inayoitwa junni ni ya faranga 5,000. Anayetaja bei kwa Kifaransa anataja faranga zenyewe, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kukutajia bei ileile mara mbili, lugha mbili, namba mbili, na asione ajabu yoyote.

Hapo bado. Namba zenyewe nazo zimekaa kwenye tano. Kiwolof hakina sita: kina juróom-benn, tano na moja. Saba ni tano na mbili, nane ni tano na tatu, tisa ni tano na nne. Mkono mmoja ukijaa unauita, halafu unaendelea na vidole vya mkono wa pili. Basi akikuambia juróom-benni téeméer, kwanza unaufumua ule mkono upate sita. Unazidisha kwa mia upate 600. Unazidisha kwa 5 upate 3,000. Halafu unafikiria kama ni ghali. Halafu unalitafuta neno la kusema ni ghali. Mama wa karanga anafanya yote hayo akiwa anafunga fundo la mfuko na kumkemea mtoto.

Neno dërëm lenyewe ni dirhamu, ileile ya Dubai, iliyotembea mpaka Atlantiki ikanasa kwenye sarafu ya faranga 5. Nilipolijua hilo nikasimama katikati ya chumba usiku wa manane. Kwani sisi je? Miaka ya mwanzo ya 1980 vibasi vya wizi Dar es Salaam vilitoza shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 tuliiita dala, kutoka dola ya watu. Makonda wakapaza sauti dala, dala, hadi leo tunapanda daladala. Pwani mbili za bara, fedha mbili za kigeni, wote tukaziangusha kwenye tano, wote tukazipakia kwenye usafiri. Na mimi, mtoto wa daladala, ndiye niliyetoa moja nikidhani ni tano.

Wala sina haki ya kulalama kuhusu namba zisizosema zinachomaanisha. Nimewahi kumwambia Msenegali anayesafiri Dar kwamba basi linaondoka saa moja asubuhi. Alifika kituoni saa saba usiku akiwa na begi lake.

Ninachokilalamikia ni kitabu. Kitabu cha Kiwolof nilichojifunzia kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu cha Kiswahili sikukipata. Kwenye namba kimeandika: téeméer, 100. Basi. Hakina hata mstari mmoja wa kuniambia kwamba likitoka kinywani mwa mtu mwenye kiganja wazi, linageuka. Kurasa tatu kimezitumia kwenye hoteli: jinsi ya kuomba taulo, jinsi ya kusema nyama haijaiva, jinsi ya kuulizia ubalozi. Kimeandikiwa mtu anayechukuliwa uwanja wa ndege kwa gari lenye jina lake kwenye karatasi. Mtu atakayebanana wanne kwenye kiti cha watatu, atakayepitisha nauli mkono kwa mkono na kudai chenji yake irudi kwa njia hiyohiyo, hakikumkusudia. Mwafrika anayetaka kuongea na Mwafrika hayumo katika hesabu ya mwandishi. Na hata nikiongea, kila mara ninapofungua kinywa kwa Kiwolof, mwenye duka ananitazama shati, anasikia lafudhi, ananijibu kwa Kifaransa. Simlaumu. Mtu mweusi asiyejua Kiwolof lazima anajua Kifaransa. Nani kamwambia kuna namna nyingine? Hapo tunabaki wawili, Mwafrika na Mwafrika, tukitafutana ndani ya lugha ambayo mmoja wetu aliipigiwa viboko na mwingine haijui kabisa.

Turudi barabarani. Siku ya kwanza niliambiwa nipande car rapide. Kwa Kifaransa ni gari la mwendokasi, nami nikasubiri kitu kama mwendokasi ya Kimara kwetu: njia yake peke yake, kituo chenye kioo, tiketi. Likaja bati la Renault la kale, bluu na njano, limechorwa maua na macho, usoni limeandikwa Alhamdoulilah, na kijana amening'inia mlango wa nyuma akiita majina ya mitaa kama anayaomba dua. Kijana huyo ni aparanti, konda wa kwao. Anapiga bodi kwa kiganja, dereva anajua simama. Anapiga tena, dereva anajua twende. Katikati ya mapigo anakusanya nauli, anakumbuka nani kampa nini, anambeba mtoto wa watu na ndoo ya samaki. Nilimpenda nusu saa ileile. Lakini magari haya yanaondolewa barabarani. Tangu 2024 kuna mabasi ya umeme kutoka katikati ya mji mpaka Guédiawaye, yenye njia yake kama nilivyotaka siku ile, na nimeyapanda, ni baridi na safi, na hakuna mtu anayeniuliza chochote. Car rapide moja nzima imehifadhiwa Paris, ndani ya Musée de l'Homme, tangu makumbusho hayo yalipofunguliwa upya 2015. Huko Wafaransa wanaitazama kwa utulivu. Hakuna aparanti wa kuwaambia wasogee.

Yaliyobaki ni madogo. Treni kwa Kiwolof ni saxaar, maana yake moshi, na nilicheka peke yangu mpaka nikakumbuka garimoshi. Niliulizia gaal ya kwenda kisiwa cha Gorée, nikapelekwa kwa wavuvi, kwa sababu gaal ni mtumbwi na kivuko kina jina lake la Kifaransa. Kuteremka ni wàcc, na mdomo wa Mswahili hauwezi kuliacha neno bila irabu mwishoni, hivyo nililitia u nikawatangazia abiria wote kwamba nataka kutapika. Kiti kizima kilinipisha.

Mzee wa teksi nilimlipa 2,000 zake, nikaongeza 500 ya aibu. Aliipokea, akanipigapiga begani, akaniambia kitu ambacho mtaa mzima ulikicheka na ambacho sijauliza mpaka leo.

Asubuhi hii nilisimamisha teksi nyingine. Nikainama, nikasalimu, nikauliza ñaata. "Juróom-benni téeméer," akasema kijana. Nikainua kiganja kumwomba asubiri. Tano na moja, sita. Sita kwa mia. Mia sita kwa tano. Nikaanza upya kwa vidole kuhakikisha, maana siku hizi siamini kitu. Nilipoinua kichwa na elfu tatu yangu mkononi, alikuwa anampakia mama mmoja na magunia yake mita ishirini mbele, nao walikuwa wameshamalizana bei.