Mgeni, Soma Kwanza

Kanuni ya kumi na moja inamkataza mgeni kukausha soksi ndani ya maikrowevu. Ya kumi na mbili inaeleza kwamba kanuni ya kumi na moja inahusu glavu pia. Watu hawaandiki mambo kama haya kwa kubahatisha. Usiku fulani wa baridi kali, mtu mzima, mwenye kazi yake na mkopo wake wa nyumba, alisimama miguu mitupu mbele ya maikrowevu, akabonyeza dakika mbili, akangoja. Moshi ulipotulia, kamati ikakaa kikao. Mwaka uliofuata akaja mwenzake, mwenye glavu, akajitetea kwamba soksi ni soksi na glavu ni glavu. Kamati ikakaa tena.

Karatasi ya kanuni hizo, kurasa nne zilizojaa herufi ndogondogo, nilipewa na mwenzangu wa kazini, mama mmoja mpole tunayepeana zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee huko Lowell, Massachusetts. Lowell ni mji ambao Wakenya tumejaa kiasi kwamba ukikohoa kwa Kiswahili dukani unaitikiwa pole. Mama huyu ni mwanachama wa klabu ya skii yenye nyumba yake kwenye milima ya White Mountains, jimbo la New Hampshire, mwendo wa saa mbili kwenda kaskazini. Alitualika wikendi nzima: mimi, mke wangu, na shangazi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Kilifi. Nikaisoma karatasi kwa sauti, nikitafsiri papo kwa papo. Kufika ukurasa wa pili shangazi alikuwa ameacha kumenya viazi.

"Hebu rudia hapo pa choo."

Nikarudia. Kila mgeni akifika ajiandikishe kazi moja ubaoni: kupiga deki, kuosha vyombo, kufagia ngazi, kuzoa theluji mlangoni au kusafisha vyoo. Asiyejiandikisha atapangiwa.

"Mgeni?"

"Mgeni, shangazi."

"Na analipa?"

"Kila kichwa, kila usiku."

Kwetu mgeni huachiwa siku mbili ndipo akabidhiwe jembe. Hawa wanakukabidhi beleshi hujavua koti, na bado wanakutoza. Shangazi alinitazama kwa ile huruma anayonitazama nayo tangu nihamie ughaibuni, akarudi kwenye viazi vyake.

Lazima niwatetee kidogo. Mwaka 1929 hoteli moja ya Sugar Hill, karibu na Franconia, iliyoitwa Peckett's, ilifungua shule ya skii. Mwaka 1931 reli ya Boston and Maine ikaanza kuendesha treni za theluji: watu wa Boston walipakiwa asubuhi na mbao zao, wakarudishwa jioni na michubuko yao. Wakanogewa. Lakini kulala hotelini ni ghali, basi watu wa mishahara ya kawaida wakachanga, wakanunua nyumba za shamba zilizochoka, wakajaza vitanda vya ghorofa. Mhudumu hakuna, mpishi hakuna. Msimu wa majani kupukutika wanachama wenyewe hupanda kwenda kupasua kuni na kuziba paa. Ni harambee hasa, ila haina hotuba wala mgeni wa heshima. Ndiyo maana bei ni ndogo; salio unalipa kwa mgongo.

Na aliyesoma shule ya bweni Kenya hatashangaa. Taa huzimwa saa nne usiku. Zamu imebandikwa ukutani. Chakula kina jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito, hata vitunguu. Na yuko yule mwanachama ambaye hakuteuliwa na yeyote kuwa kiranja, lakini ni kiranja. Tofauti ni kwamba hapa wanafunzi wana umri wa kustaafu, na hakuna aliyeletwa na mzazi.

Nikaendelea kusoma, sasa kwa hamu, maana nilikuwa nimeshaugundua utamu wa ile karatasi: kila mstari una marehemu wake. "Usiegeshe gari chini ya paa." Kuna gari lililoangukiwa na theluji ya mwezi mzima. "Ufunguo usitiwe mdomoni ukiwa nje." Huyo namhurumia hadi leo. "Chombo chochote cha jikoni kitakachokutwa nje ya jiko kioshwe na kurudishwa jikoni mara moja, bila kuulizana ni nani aliyekitoa." Bila kuulizana! Hapo palikuwa na ugomvi wa miaka. Mstari mmoja tu ulikosa maelezo yoyote, wala onyo: "Vizibo vya masikio vinapendekezwa."

Vya kubeba vilikuwa mfuko wa kulalia, foronya, taulo, ndara za ndani na tochi ya kichwani. Shangazi aliongeza kimoja ambacho kamati haikukifikiria. Aliingia duka la vitu rahisi hapo Lowell kutafuta kopo la kwendea haja, kwa sababu vyoo vya huku ni karatasi tupu na yeye hakulelewa hivyo. Makopo hayakuwepo. Akachukua jagi la plastiki la kijani, lenye mkono mzuri na mdomo mwembamba, na ubavuni mistari ya vipimo ambayo haikumhusu. Akafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa jagi, lisichanganyike na vyombo vya watu. Akina mama wa pwani wanaelewa: kopo la chooni na vyombo vya jikoni haviwezi kujuana hata kwa sura.

Njiani tulipita bonde la Franconia Notch, ambako palikuwa na jabali lenye sura ya mzee, fahari ya jimbo zima. Liliporomoka tarehe 3 Mei 2003. Lakini vibao vya barabara vya jimbo bado vinachorwa ile sura.

"Nionyeshe huyo mzee," shangazi akasema.

"Alianguka, shangazi. Zamani."

"Sasa mbona picha bado ipo kila mahali?"

"Hawajamsahau."

Alifikiri kwa kilomita kadhaa. "Na matanga hawajavunja?"

Tulifika jioni, baridi ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Kanuni ya kwanza kabisa, ya kuvua viatu mlangoni, ilimpendeza shangazi mno. Alikuwa ameshakata tamaa na Wamarekani wanaopanda zuliani na viatu vya barabarani. "Kumbe wapo waliolelewa," akasema, akapanga vya kwake ukutani, visigino ndani. Furaha ilidumu mpaka tulipoonyeshwa chumba cha kukaushia. Ni chumba kidogo chenye joto kali, na ndani yake kila mtu ameacha alichovaa mguuni tangu alfajiri. Harufu inakupokea kabla ya mlango. Glavu zimevikwa kwenye vijiti ukutani, vidole juu, kama darasa zima linajua jibu. Mke wangu aliingia, akatoka, akasema soksi zake zitakauka mwilini.

Mezani tuliulizwa tulikotoka, na nilipotaja Kenya wakauliza kama ninakimbia. Mimi sikimbii hata basi. Ila nina la kuwajibu watu wa theluji. Niliwaambia habari za Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 aliyegeuzwa mtu wa skii, akashiriki Olimpiki ya Nagano 1998, kilomita 10. Alimaliza wa 92, na baada yake hapakuwa na mtu. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari wa mwisho amkumbatie. Boit naye akaja kumwita mwanawe Daehlie. Kisha nikatoa turufu: Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya kwenye skii ya milimani huko Pyeongchang mwaka 2018, alizaliwa Kilifi, kwetu, ingawa amelelewa Austria. Meza ikashangilia. Nilipomtafsiria shangazi, swali lake lilikuwa moja: "Wa mlango gani?" Hakutulia usiku kucha. Alitaja koo zote za kutoka Mtwapa mpaka Malindi.

Nasema hakutulia, lakini alilala. Wanaume tuna chumba chetu na wanawake chao, vitanda vinane kila upande, na kwetu mambo yalikuwa ya kawaida tu, mkoromo wa hapa na pale. Asubuhi chumba cha wanawake kilitoka kimya kimya. Mwenyeji wetu alikuwa na macho mekundu. Bibi mmoja alikuwa amelala jikoni, kwenye benchi. Mke wangu aliniambia pembeni kwamba sasa anajua vizibo vya masikio vilipendekezwa kwa ajili ya nani, ila hajui kamati ilijuaje mapema. Shangazi alikuwa ameamka mwepesi, mwenye nuru usoni. "Hewa ya hapa nzuri," akasema.

Kuhusu skii yenyewe sina mengi. Mlima ni Cannon, ambako gari la kwanza la waya la kubebea abiria Amerika Kaskazini lilizinduliwa mwaka 1938, na theluji yake ni barafu iliyopakwa unga. Viatu vya kukodi vinakubana kifundo hadi unatembea nyuma-nyuma kushuka ngazi. Watoto wa miaka minne walinipita wakiimba. Sehemu niliyofanya vizuri ni kuzoa theluji mlangoni, hapo nilisifiwa.

Kuoga ni dakika tatu. Maji ni ya kisima, tangi la maji taka limezikwa kwenye ardhi iliyoganda, na kichemshio cha maji ni kidogo. Kiranja wetu huweka saa ya mayai juu ya kabati, nje ya mlango. Jumamosi jioni shangazi aliingia na ndoo aliyoiazima stoo. Saa ilipolia, kiranja akabisha. Kimya. Akabisha tena, uso ukimbadilika, akaja kunitafuta: mama mzee yuko ndani, na maji hayajasikika yakitiririka hata mara moja. Nikamweleza kwamba lita kumi na jagi moja zinamtosha na zinabaki. Hakuamini mpaka shangazi alipotoka, anang'aa, amejifunga leso, na ndoo ina maji ya kufulia kitambaa. Mzee wa watu alimwinamia kidogo. Nadhani ndiye mgeni aliyemsubiri tangu ile klabu ianzishwe.

Jumapili alfajiri shangazi alinijia kwenye ngazi, akiminya sauti.

"Mwanangu, kopo langu silioni."

"Lilikuwa wapi?"

"Pale pale. Nyuma ya choo."

Tulitafuta bafuni, stoo, chini ya sinki. Kutoka chini ilikuwa inapanda harufu ya siagi. Tukashuka.

Zamu ya jiko ilikuwa ya injinia mmoja mstaafu, mtu nadhifu, mwenye aproni iliyopigwa pasi. Mbele yake bamba la chuma lilikuwa likichemka. Mkononi ameshika jagi la kijani, na kutoka katika mdomo wake mwembamba uji wa pankeki ulikuwa ukiteremka taratibu, ukijichora duara moja baada ya jingine. Uzi mwekundu ulikuwa unaning'inia kando ya mkono wa jagi, umeshaingia unga kidogo kwenye ncha.

Hakuna aliyekosea. Mtu mwadilifu aliingia chooni usiku, akakuta chombo chenye mistari ya vikombe na lita nyuma ya choo, akaikumbuka kanuni. Akakiosha, na huku wanaosha kwa maji yanayounguza. Akakirudisha jikoni mara moja. Hakuuliza ni nani aliyekitoa.

Shangazi alifunika mdomo kwa ncha ya leso. Mabega yalikuwa yanatikisika, na sikujua kama ni kilio au kicheko.

"Wamekula wangapi?" akauliza.

Nikahesabu sahani. "Wote."

"Basi nyamaza."

Mwenyeji wetu alitusogezea sahani iliyorundikwa, juu yake shira ya mti wa mepo inateremka. Nikasema tumefunga. Mke wangu, ambaye hakuwa na habari, akasema tumefunga nini, akachukua tatu. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akanikanyaga vilevile, akaendelea. Alisema ni laini sana.

Injinia alikaa mwisho, jagi likiwa bado mbele yake, akaligeuzageuza kwenye mwanga. Aliniambia kwamba kwa miaka mingi jiko hili limekuwa na majagi yanayodondosha, lakini hili, tazama, linakata tone palepale. Amelikuta kwenye rafu asubuhi. Je, najua limetoka wapi?

"Anasemaje?" shangazi akauliza.

"Analisifu. Anasema halidondoshi."

Shangazi alikaa sawa kitini. Alimtazama yule mzee, akalitazama jagi, akazitazama zile sahani tupu moja moja.

"Mwambie namwachia. Zawadi kutoka Kilifi."

Nikamwambia. Meza ikapiga makofi, mwenyeji wetu akafuta jicho. Injinia alisimama, akashika mkono wa shangazi kwa mikono yake miwili, kisha akaenda kwenye droo, akachukua kalamu ya wino mzito, na kwa herufi kubwa zilizonyooka akaandika ubavuni, juu tu ya mistari ya vipimo: MALI YA JIKO, LISITOLEWE.