Jemadari Kaimba, Shabiki Kanuna

Jemadari wa Klingon ameumbuka, na jeraha bado bichi. Kwa zaidi ya nusu karne watu wake, taifa la wapiganaji katika hadithi za angani za Star Trek, walijengewa sifa ya kuogopwa: wanakula funza wakiwa hai, wanaitana vitani kama wengine wanavyoitana harusini, na wanaombeana kifo chema kama sisi tunavyoombeana safari njema. Kisha ikafika tarehe 3 Agosti 2023. Tamthilia ya Star Trek: Strange New Worlds ikaonyesha "Subspace Rhapsody", sehemu ya kwanza ya nyimbo na dansi katika historia yote ya Star Trek, na jemadari huyo akatokea kwenye skrini ya chombo Enterprise akiimba na kucheza na askari wake, mabega yakipanda na kushuka kwa pamoja, kama bendi ya vijana wa Korea iliyovalishwa deraya. Kipande chenyewe ni kifupi, lakini aibu haipimwi kwa saa. Watazamaji wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. Wengine walinuna kama watu waliomfuma mzee wa ukoo kwenye kigodoro.

Hawa walionuna nataka kuwatetea kwanza, maana baadaye nitawagombeza. Mtu anayeziona hadithi hizi kwa mbali hudhani mashabiki wake wanagombania sayansi. Hata kidogo. Katika sehemu hiyo Enterprise inakuta mkunjo wa ajabu angani, ofisa wa mawasiliano anatuma ndani yake wimbo wa zamani wa Kimarekani, na mkunjo unajibu kwa kuwaambukiza wote sheria mpya: hisia zikifurika, mtu haongei tena, anaimba. Mapenzi ya siri yanatoka hadharani kwa mizani na vina, mbele ya wakubwa wa kazi. Maradhi yanasambaa kupitia mawasiliano ya vyombo mpaka yanawafikia Waklingon, ndiyo maana wanataka kuulipua mkunjo huo kwa makombora. Fizikia hiyo, ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili angeipigia mstari mwekundu, haikukera kama mabega ya jemadari. Wala si wazimu. Sungura wa hadithi zetu akisema, hakuna mtoto anayeuliza alisomea wapi. Lakini msimulizi akijaribu kumfanya Sungura mjinga, watoto wanamsimamisha papo hapo na kumrudisha mwanzo. Jambo lisilowezekana linaruhusiwa wakati wowote, ila tabia inayojulikana haiguswi bila ruhusa. Shabiki wa Star Trek ni mtoto huyohuyo, ameongezwa miaka arobaini na rafu ya vitabu.

Ukitaka kuona uangalizi huo unavyofanya kazi, angalia paji la uso la Mklingon, ambalo limegharimu akili nyingi kuliko madaraja mengi. Mwaka 1967, katika sehemu iitwayo "Errand of Mercy", Waklingon walitokea mara ya kwanza wakiwa watu wa kawaida kabisa waliopakwa rangi ya kahawia usoni, wakachongewa nyusi na kubandikwa ndevu. Fedha zilikuwa chache na saa za kupaka zilikuwa chache zaidi. Filamu ya 1979 ikaja na bajeti, na bajeti ikaota kichwani mwao: matuta ya mfupa kuanzia kati ya nyusi kwenda kisogoni, kama shamba la viazi vitamu. Maelezo hayakutolewa. Watazamaji wakakaa na swali hilo miaka 17, wengine wakisema ni makabila mawili, wengine wakidai matuta yalikuwepo siku zote ila tulikuwa hatujayaona. Mwaka 1996, katika kusherehekea miaka 30 ya Star Trek, tamthilia ya Deep Space Nine iliwarudisha wahusika wake nyuma ya wakati kwa kuwachomeka, kwa ufundi unaostahili kofia kuvuliwa, ndani ya picha zilizopigwa 1967. Basi Worf, Mklingon mwenye matuta yote, akajikuta baa moja na Waklingon wenye vipaji laini kama chungwa. Wenzake wakamgeukia wakitaka maelezo. Akajibu kwa uso mkavu kwamba ni habari ndefu, na watu wa nje hawaambiwi.

Mimi ningeishia hapo. Kila ukoo wenye heshima una jambo ambalo wageni hawaambiwi, na anayeuliza mara ya pili ni mgeni asiye na adabu. Lakini shabiki aliuliza mara ya pili, na ya kumi, na mwaka 2005 tamthilia ya Enterprise ikajisalimisha kwa kutoa sehemu mbili nzima, "Affliction" na "Divergence". Ikatangazwa kwamba wanasayansi wa Klingon walijaribu kuwaimarisha askari wao kwa mbegu za binadamu waliotengenezwa maabara, kirusi kikaponyoka, na mamilioni wakapoteza matuta. Hebu litazame vizuri jambo hili. Ukata wa idara ya vipodozi ya mwaka 1967 umegeuzwa kuwa janga la kitaifa la karne ya 22, lenye wagonjwa, karantini na lawama za kisiasa. Sijui taifa la kweli ambalo kosa lake la kiofisi limewahi kufunikwa kwa ufundi wa namna hii, ingawa yapo yanayojitahidi. Halafu 2017 tamthilia ya Discovery ikawaleta Waklingon wenye upara na vichwa virefu vya kutisha, wakiongea Kiklingon dakika nyingi kwa manukuu, na kelele zikaanza upya. Msimu wa pili, 2019, nywele zikaota, na ikaelezwa kwamba walikuwa wamenyoa kwa sababu ya vita. Vinyozi nao wakaingia kwenye historia ya dola.

Kuna atakayesema: hizi ni kelele tu za watu wachache wasio na kazi, televisheni inaendelea na safari yake. Si kweli, na ushahidi upo. Majira ya 1967 kuingia 1968, ilipovuma kwamba NBC ingeifuta Star Trek, watazamaji waliimiminia barua nyingi kiasi kwamba kituo kilitangaza hewani, Machi 1968, kwamba tamthilia itarudi. Mwaka 1976 wakamwandikia Rais Gerald Ford kuhusu chombo cha kwanza kati ya vile vya NASA vyenye mabawa, kilichopangwa kuitwa Constitution, na chombo kikabadilishwa jina kikaitwa Enterprise. Nadhani msomaji ameona uzito wa jambo hilo. Mashabiki hawa walibadilisha jina la chombo cha kweli, cha serikali ya kweli, kwa stempu na bahasha. Mtu asiniambie hawana nguvu.

Ndiyo maana nina kinyongo nao, na kinyongo chenyewe kinahusu jina. Ofisa wa mawasiliano aliyetuma ule wimbo ndani ya mkunjo anaitwa Uhura. Nichelle Nichols, mwigizaji wake wa kwanza, alisimulia kwamba alipokwenda kwenye usaili alikuwa na kitabu cha Robert Ruark kilichotoka 1962 kuhusu Kenya, chenye jina Uhuru. Neno likapendwa, kisha likaonekana kali mno kwa mwanamke, likalainishwa kwa kung'oa u ya mwisho na kupachika a. Hapa naomba nafasi, maana kosa hili ni zuri kuliko wanavyojua wenye nalo. Uhuru ni huru iliyotanguliwa na u, kama uzuri ni zuri na uchoyo ni choyo. Ile u ya mwisho si pambo, ni mwili wa neno lenyewe. Na ni nani aliyesema kwamba a ni herufi ya kike? Juma, Musa, Issa na Mustafa wote wanaishia na a, na ndevu wanazo. Kiswahili hakina jinsia ya sarufi. Yeye ni yeye, awe bibi harusi au baharia. Kichekesho ni kwamba huru tumeipata kwa Waarabu, kwao ni hurr, na Waarabu ndio wanaoongeza a kwa mwanamke: hurra, mwanamke aliye huru. Kwa hiyo waliolainisha walipiga shuti likatoka nje ya uwanja wetu likaingia goli la jirani, na wakashangilia bila kujua.

Isitoshe, Kiswahili kilikuwepo tangu siku ya kwanza. Katika "The Man Trap", sehemu iliyofungua tamthilia hiyo NBC tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe chenye njaa ya chumvi kinajigeuza mwanamume mweusi mtanashati na kumsemesha Uhura Kiswahili. Mwaka uliofuata, katika "The Changeling", mashine iitwayo Nomad inamsikia akiimba, haielewi kuimba ni nini, inamfuta kumbukumbu yote. Anafundishwa kusoma Kiingereza upya kama mtoto, na akikwama anaangukia Kiswahili. Kiswahili cha kile kiumbe kinahitaji mkalimani wa kukipeleka kwenye Kiswahili. Mashabiki wamehoji, na wana haki, iweje mtu aliyefutwa akili arudi kazini upesi vile. Lakini ule moto uliowashwa kwa ajili ya matuta haukuwashwa kwa ajili ya matamshi.

Nitajibiwa kwamba jina la kubuni ni la mbunifu, na Uhura si lazima liwe uhuru. Nakubali kabisa. Ila kama jina ni la mbunifu, paji la uso nalo ni lake, na upara ni wake, na mabega ya jemadari ni yake. Mbona huko hamkusema hivyo? Nitajibiwa pia kwamba Nichols alifanya jambo kubwa, mwanamke mweusi mwenye cheo kwenye televisheni ya Marekani ya 1966, hata Martin Luther King akamsihi asiache kazi hiyo. Mchango huo siugusi, na yeyote atakayeugusa tutakutana naye. Hoja yangu ni ndogo kuliko hapo. Hilo jina wala silidai libadilishwe, limeshazoeleka. Nadai kirusi chetu. Waklingon wamepewa sehemu mbili nzima za kueleza matuta. Sisi tungeridhika na sentensi moja, karani wa vizazi wa karne ya 23 aliyeandika vibaya cheti, jambo ambalo katika pwani yetu lingeaminika bila hata kirusi.

Jibu la tatu ndilo linalouma. Watasema watazamaji wale hawakujua Kiswahili. Lakini hawakujua Kiklingon pia, kwa kuwa hakikuwepo. Marc Okrand alikitengeneza kwa ajili ya filamu ya 1984, akatoa kamusi 1985, kwa makusudi akaweka kitendwa mwanzo wa sentensi na mtendaji mwisho ili kisifanane na lugha zilizozoeleka, na watu wakakaa chini wakajifunza. Mwaka 2010 wakatunga opera yake na kuionyesha The Hague. Netflix ilipoisambaza Discovery nje ya Marekani iliweka manukuu ya Kiklingon, kwa manufaa ya taifa ambalo halina mtu hata mmoja. Mtu aliyeweza kukariri sarufi ile asiniambie kamusi ya Kiswahili ilimshinda kufungua. Jicho lake si kali, linachagua. Linalinda kile ambacho tamthilia imekitunga, na kile ambacho tamthilia imekiazima kwa watu halina habari nacho. Ndiyo maana Uhura alikaa kazini kuanzia 1966 mpaka filamu ya 2009 bila kuitwa kwenye skrini jina lake la kwanza, Nyota, ambalo kitabu kimoja kuhusu Star Trek kilikuwa kimeshampa tangu 1982; hata mwajiri mkorofi angelitaka mapema zaidi, angalau la kujaza fomu.

Jicho hili la kuchagua si la Star Trek peke yake. Mashabiki wa tamthilia ya Doctor Who wamegombana juu ya mwanamke kuwa Daktari, mhusika wake mkuu. Lakini watengenezaji wa Star Wars walimpa rubani mmoja wa filamu ya 1983 maneno ya Kikuyu, kwa sauti ya mwanafunzi Mkenya, wakayaita lugha ya sayari ya mbali, na ni wasemaji wa Kikuyu waliobaki wakicheka peke yao.

Kwa haki, Strange New Worlds imejitahidi. Uhura wake, Celia Rose Gooding, anajua lugha 37 na kwao ni Kenya, na katika sehemu ile ya nyimbo ni yeye anayegundua mpangilio wa maradhi na kuwashawishi wote waimbe kwa pamoja hadi mkunjo ufungwe. Kwa maneno mengine, aibu ya jemadari ilikuwa sehemu ya dawa aliyoiandika ofisa wetu. Lakini ukitaka jina lililoandikwa sawasawa huko angani, itabidi uiache tamthilia. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza nyota kwa mionzi ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na wahandisi wa NASA wakaipa jina la heshima kwa wenyeji: Uhuru, na u zake zote tatu. Iliteketea ikirudi kwenye anga la dunia mwaka 1979, mwaka uleule Waklingon walipoota matuta, na kati ya mambo hayo mawili ni matuta yaliyoandikiwa barua.