Vita vya Mezani

Huko Ulaya kuna wazee wazima, wenye mvi na pensheni, wanaokatakata kizulia cha mlangoni cha usumba wa nazi, wanakichovya kwenye rangi ya kijani, wanakigandisha juu ya ubao. Eti nyika! Kisha wanapanga askari wa sanamu wa milimita 28, wanarusha dadu, wanapigana mpaka chai iwe tayari. Nyuzi kama hizo, za chikichi zilizokwisha kukamuliwa mawese, mama zetu wa Baraka, huku Kongo, wanawashia moto. Mwanamapinduzi Che Guevara naye, kwa vita vya kweli, alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1965 kuja kupigana kwenye milima ya Fizi; gundi hakuhitaji, na miezi 7 ilimtosha. Mafundi wa Ulaya, nyuzi tutawauzia kwa gunia. Vita bakini navyo huko huko mezani.