Kumpangisha Bundi Nyumba

Kisanduku cha kutagia, yaani sanduku la mbao lenye tundu moja mbele na paa linalofunguka, ambalo hutundikwa mtini ili ndege wasiojenga viota wapate pa kuwekea mayai, ni kazi inayoelezwa vitabuni kwa kurasa mbili na kumalizwa na mjenzi asiye fundi kwa muda wa wiki tatu. Bundi ni mpangaji wa kuzaliwa: hajengi, hatengenezi, haleti hata jani la kutandika, bali mara nyingi hutafuta pango lililoachwa na tawi lililooza, au tundu lililochongwa na kigogota kwa jasho lake, akahamia humo bila kuulizana na mtu. Katika misitu ya Banalia, kilomita zipatazo 130 kaskazini mwa Kisangani kwenye barabara ya Buta, mapango ya namna hiyo si haba, na mtu mwenye akili timamu angeweza kuuliza sanduku ni la nini. Jibu ni kwamba kando ya barabara na ndani ya mashamba mti mzee wenye pango ndio unaotangulia kuangushwa, na bundi hubaki na usiku mrefu usio na anwani.

Mpangaji anayekusudiwa hapa ni bundi mdogo wa kifua chekundu, ambaye wataalamu humwita Glaucidium tephronotum. Urefu wake ni sentimita 17 hivi, karibu sawa na penseli mpya, hana yale manyoya mawili yanayosimama kichwani kama masikio, na chakula chake kikubwa ni wadudu. Kiumbe wa kipimo hicho hawezi kumdhuru mtu, lakini sifa mbaya ya ukoo wake humfuata: bundi akilia juu ya paa, wenye nyumba huhesabu wagonjwa wao, na anayeonekana akimjengea makao hulazimika kueleza mapema kwamba yeye si ndoki, jina wanaloitwa wachawi katika sehemu hizo. Banalia, ikumbukwe, ina historia yake ya kutovumilia kelele: mnamo tarehe 19 Julai 1888, Meja Barttelot, Mwingereza aliyeachiwa na mpelelezi Stanley kikosi cha nyuma cha msafara wake, alitoka alfajiri kwenda kumnyamazisha mwanamke aliyekuwa akipiga ngoma na kuimba, akapigwa risasi na mume wa mwanamke huyo. Bundi analia saa zilezile, na hana mume wa kumtetea.

Lililo la ajabu zaidi ni kwamba nchi ya mbali imekwisha kumfanyia bundi hisani hii kwa ajili ya mmea ambao Tshopo, jimbo iliko Banalia, ilichangia kuuboresha. Katika kituo cha utafiti cha Yangambi, magharibi mwa Kisangani, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walieleza mwaka 1941 jinsi mchikichi wa ganda nene unavyozalishwa pamoja na ule usio na ganda ili kupata tenera, aina yenye ganda jembamba na mafuta mengi. Tenera ilienea Malaysia, panya wakaifuata, na wenye mashamba wakatundika visanduku ili bundi wa jamii kubwa zaidi waje kuwala panya hao. Hivyo bundi wa Malaysia anakaa bure chini ya kivuli cha elimu ya Yangambi, ilhali wa Banalia, mwenyeji hasa, hana hata ubao.

Ubao wenyewe ndio mwanzo wa mashaka. Mabaki yanayopatikana kwa urahisi kwa maseremala huwa ya miti migumu, na kipande cha afrormosia, mti ambao biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES tangu 1992, hupokea msumari kwa kuupinda mara tatu kabla ya kukubali kutobolewa kwanza kwa keekee. Kisha huja vipimo. Maelekezo husema sakafu iwe 8 kwa 8, urefu 15 na tundu 3, yote kwa inchi, lakini futi kamba ina nyuso mbili, na mjenzi mmoja wa Banalia alipima kwa upande wa sentimita, akapata chumba ambacho kingemtosha chozi, kama chozi angekuwa na haja ya kukaa ndani ya sanduku. Mara ya pili alitumia busara: aliweka kopo tupu la nyanya la gramu 400 juu ya ubao, akalizungushia mkaa, na duara likatoka sawasawa, kwani kipenyo cha kopo hilo hukaribia sana inchi 3. Bawaba hazikupatikana, hivyo paa lilishikwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, zawadi ya mwendesha toleka, baiskeli ibebayo abiria. Sanduku lilipokuwa limekwisha kupigiliwa, yeye amesimama akilitazama kwa fahari, alikumbuka kwamba upande wa ndani chini ya tundu haujakwaruzwa ili makinda yapate pa kupandia, na kwamba penseli yake imo humo. Paa, ambalo lilipaswa kufunguka, lilikuwa limepigiliwa pande zote nne, mpira na yote.

Jirani alipoona ngazi ikiegemezwa kwenye mti wa matunda ya safu, aliuliza kwa upole wa kutisha: «Papa, unamjengea nani?» Jibu lilikatizwa na majimoto, wale chungu wekundu washonao majani, waliokuwa wameshika mti huo zamani, na sanduku likafungwa kwa haraka, limeinama kidogo kushoto, mita nne kutoka ardhini.

Wapangaji walifika mwezi uliofuata, maelfu kwa maelfu, wakiimba. Nyuki hawasomi vipimo, na pango kavu la lita kumi na kitu huwatosha. Jirani, aliyekuwa ameacha kusalimia, alirudi na bakuli kuulizia asali, naye mjenzi akawa mfuga nyuki bila kutaka. Bundi alisikika usiku mmoja, kwenye shina la mchikichi uliokufa nyuma ya jiko, katika tundu la kigogota, kwenye shina ambalo mjenzi alikuwa amepanga kulikata kuwa kuni. Penseli, kwa kadiri ijulikanavyo, bado imo sandukuni, na hakuna aliyejitolea kuifuata.