Shangazi Ajibu: Mvua, Chaki na Talaka ya Miguu

Barua ya kwanza wiki hii ni ya bibi harusi wa Galway. Harusi ni kesho, mbingu zimenuna, na mama yake anataka kuitoa nje sanamu ya Mtoto Yesu wa Prague. Amkubalie?

Amkubalie, tena upesi. Shangazi wa safu hii anawajua Waairishi: rozari wanasali, lakini mkesha wa harusi sanamu hiyo yenye taji hutolewa sebuleni ikawekwa chini ya kichaka, izuie mvua. Wapo wanaoshikilia kwamba haina nguvu mpaka iwe imekatika kichwa, na hapo ndipo penye mtego, maana kichwa lazima kikatike kwa bahati mbaya. Mjomba asipewe nyundo. Shingo ikiwa na alama ya gundi, bibi harusi ashukuru: hiyo ina uzoefu. Mwavuli achukue hata hivyo.

Kapera wa Kerry analalamika kwamba babu yake anamtishia Skellig. Babu hatanii bure. Zamani ndoa hazikufungwa wakati wa Kwaresima, kwa hiyo vijijini watu walikimbizana na Jumatano ya Majivu. Aliyechelewa alikiona. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, iliyoitwa Jumapili ya Chaki, watoto walimvizia akienda misani wakamchora mgongoni, koti la sikukuu likachafuka mbele ya parokia nzima. Kisha zikaja tungo za kejeli, makapera na wanawali wakioanishwa wawili wawili, eti wapande mashua hadi Skellig Michael, kisiwa cha majabali kilicho kilomita kama 12 kutoka pwani, ambako iliaminika Kwaresima huchelewa kuanza.

Ushauri: koti jeupe.

Aliyeuliza kuhusu pete ya Claddagh, ile ya Kiairishi yenye moyo: kwenye mkono wa kulia, ncha ya moyo ikielekea kwenye kucha, mvaaji yuko huru, ikimwelekea mwenyewe, kashachukuliwa. Basi.

Wa mwisho ni mume wa Meath, ndoa ina miezi 11. Amesikia kwamba zamani huko Teltown waliochokana baada ya mwaka na siku moja walipeana mgongo, mmoja akaenda kaskazini, mwenziwe kusini, ndoa ikaisha. Masimulizi hayo yapo, ila mahakama haihesabu hatua. Talaka ilikubaliwa kwa kura ya maoni ya 1995, kwa tofauti ya kura 9,000 hivi, na tangu Desemba 2019 wanandoa wanatakiwa wawe wametengana angalau miaka 2 kati ya 3 iliyotangulia. Aanze kuhesabu, au arudi jikoni akaoshe vyombo.