Jina la Kazi

Siku nilipotia nukta ya mwisho katika kitabu changu cha kumbukumbu za ualimu, kilichokula miaka sita na madaftari kumi na moja, nilishikwa na hofu ambayo sikupata kuijua zamani nilipokuwa sina mali, nayo ni hofu ya wezi. Kila gari lililopita barabara ya Dodoma, na kila ndege ndogo iliyotua hapa kiwanjani Kisongo, nilidhani imemleta mtu aliyekuja kuniibia sura ya tatu.

Jirani yangu, mfugaji wa Kimaasai mwenye maneno machache, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, ng'ombe tunamkata sikio ajulikane ni wa nani. Huyu wako sikio lake liko wapi?" Nilikosa jawabu. Nikamwachia madaftari ayasome, nami nikaenda kulitafuta sikio.

Nikajitia kuidurusu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, nikaarifiwa humo kwamba haki ni ya mtunzi tangu kazi inapotungwa, pasipo kungoja muhuri wa mtu, kwa mujibu wa Mkataba wa Berne wa 1886 ambao Tanzania imo tangu 1994. Na kwamba kusajili kwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, humfaa mtu kwa ushahidi, siku atakaposimama na mwizi wake mbele ya kadhi wa serikali. Fauka ya hayo, haki hudumu uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya mauti yake. Marehemu Shaaban Robert, aliyefariki 1962, hesabu yake ilitimia 2012. Niliiona ni fadhila kubwa, ijapokuwa ili nusu yake ianze kuhesabiwa sharti kwanza nife.

Basi nikaenda kwenye duka la steshenari, binti wa pale akanichapia fomu ya usajili, nikavaa miwani na kuijaza kwa hati yangu ya ubaoni. Jina la kazi: Ualimu. Aina ya kazi: ya kudumu. Tarehe ya kukamilika: nikaandika siku niliyostaafu. Palipoulizwa kama kazi imewahi kutolewa kwa umma, nilijibu kwa taadhima, "Ndiyo, katika shule tatu."

Binti aliisoma, akajiziba mdomo kwa upande wa mtandio. "Shikamoo tena, Mwalimu," akasema alipopata pumzi. "Hapa umeomba mtu mwingine yeyote asifundishe mpaka ufe, na miaka hamsini juu yake."

Nikalipia fomu ya pili.

Jioni ile jirani alibisha hodi na furushi kwapani. Kitabu kimempendeza mno, akasema, hata amekipeleka kwa yule yule binti kikatolewa kopi nne: moja ya shemeji yake Monduli, mbili za wazee wa boma, na ya nne yangu mimi, madaftari yasije yakaliwa na mchwa. Wala hakusahau shauri letu. Pembe ya juu ya kila nakala, na ya kila daftari, ilikuwa imekatwa kwa kisu, pembetatu safi.

"Alama yenu siijui, Mwalimu," akasema. "Nimetumia ya kwangu."